Jina la Kanga, Jina la Waifai: Maneno Tunayoanika Mbele ya Jirani



Leo tuzungumze historia, ila ni historia ya kitu ambacho wengi wetu tunakiona hakina historia yoyote: lile jina linalotokea kwenye simu ya jirani pale unapowasha waifai nyumbani kwako. Wengine tunaliacha kama lilivyotoka dukani. Wengine wanaandika jina la baba watoto. Wengine wanatupa kijembe humo, jirani akafungua simu yake asubuhi akakutana nacho kabla hata hajanywa chai.

Watu wanalichukulia kuwa jambo dogo, na jipya. Si jipya kwetu. Mwanamke wa pwani na visiwani amekuwa akianika maneno yake mbele ya watu kwa zaidi ya miaka mia moja, na maneno hayo ameyaita kwa neno hilohilo: jina. Kanga ina jina, na sasa nyumba ina jina hewani. Anayejua kuchagua la kwanza hashindwi kuchagua la pili, maadamu akumbuke kwamba ni mambo ya ukoo mmoja.

Miteremko ya Gare

Tuanzie mbali kidogo na bahari. Gare ni kata katika Wilaya ya Lushoto, mkoani Tanga, ndani ya milima ya Usambara. Ni nchi ya Wasambaa, ya ndizi, mahindi, maharage na mboga za bustani, baridi yake ya kuvaa sweta. Nyumba zimepanda mteremko kama ngazi, uwanja wa huyu ukitazama paa la yule. Mahali pa namna hiyo, nguo ikianikwa juu inaonekana na wa chini wote.

Waifai nayo inasafiri vivyo hivyo. Mawimbi yake hayafiki mbali, na yakikutana na udongo mzito wa mlima au ukuta mnene yanakufa. Lakini penye uwazi yanashuka mteremko mpaka kwa jirani wa chini. Kisanduku cha intaneti, au simu uliyoiwasha hotispoti, hutangaza jina lake karibu mara kumi kila sekunde, mchana na usiku, bila kuchoka. Jirani hahitaji nenosiri lako ili alisome. Hahitaji hata kulitafuta. Akifungua tu sehemu ya mitandao kwenye simu yake, analikuta limempangia foleni pamoja na mengine.

Kwa hiyo jina hili halifanani na jina la faili kwenye kompyuta yako, ambalo ni siri yako mwenyewe. Hili ni tangazo. Ni maneno yaliyotundikwa nje ya nyumba, na kila apitaye ana haki ya kuyasoma. Swali la historia ni hili: nani amekuwa akipewa nafasi ya kutundika maneno, na nani ametundikiwa?

Usambara yenyewe ina majibu.

Milima na majina yake

Wazee wa Usambara wanasimulia habari za Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu akaingia milimani, akawaondolea watu nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akagawa nyama, akaua simba. Kwa masimulizi hayo, watu wenyewe ndio waliompa jina la Simba Mwene, na wafalme wa ukoo wake, yaani Wakilindi, wakaendelea kuitwa kwa jina hilo kule Vugha kwenye makao yao. Aliyeandika habari hizo kwa Kiswahili ni Abdallah bin Hemedi, mtu wa pwani aliyeishi na Wakilindi, na kitabu chake kinaitwa Habari za Wakilindi. Jambo la kushika hapo ni kwamba jina lile lilitolewa na jirani baada ya kuona kazi. Mbegha hakujitangaza kuwa simba, walimtangaza.

Halafu wakaja wengine wenye desturi tofauti. Wajerumani walipoitawala nchi, walianza kuandika majina yao juu ya ramani. Lushoto ikaitwa Wilhelmstal, yaani bonde la Wilhelm, kwa heshima ya mfalme wao. Mlalo, walikojenga wamisionari wa Kijerumani, pakaitwa Hohenfriedeberg, jina ambalo Msambaa hata kulitamka ni kazi. Majina hayo yalikuwa yanamtangaza mwenye nguvu, na wenyeji hawakuulizwa. Na Gare palifika watawa Wakatoliki wa shirika la Trappist waliotoka Mariannhill, Afrika Kusini, mwishoni mwa karne ya 19. Hao sifa yao ilikuwa ni kunyamaza: sheria yao iliwataka wapunguze maneno, wazungumze kwa ishara.

Tazameni mwisho wake. Vita Kuu ya Kwanza ilipowatoa Wajerumani, jina la Wilhelmstal likaondoka nao. Lushoto ikabaki Lushoto, Mlalo ikabaki Mlalo, na Gare bado ni Gare. Jina linalobandikwa kutoka nje, na wakaao ndani hawalitumii, huanguka siku mbandikaji akiondoka. Jina ambalo wenyewe wanaliita ndilo linalodumu. Somo hili tulibebe, tutalihitaji tukifika kwenye kisanduku cha intaneti.

Leso sita na maneno ya katikati

Sasa turudi pwani, kwa mama zetu.

Katikati ya karne ya 19, wanawake wa miji ya pwani na Unguja walianza kununua leso za mkononi zilizokuja kwa meli zikiwa bado hazijakatwa, wanakata sita, wanazishona tatu kwa mbili, wanapata nguo moja kubwa ya kujifunga. Neno lenyewe leso ni la Kireno, na Mombasa mpaka leo ndilo wanalolitumia. Wafanyabiashara walipoona wanawake wanashona, wakaagiza vitambaa vilivyochapwa kabisa kwa ukubwa huo, na jina la kanga likashika, watu wakisema madoa yake ya mwanzo yalifanana na ndege kanga.

Baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, kukaingia maneno. Yalianza kwa herufi za Kiarabu, maana ndizo walizosoma watu wetu chuoni, kisha yakaja kwa herufi za Kirumi. Tangu hapo kanga ikawa na sehemu tatu ambazo kila msichana anafundishwa: pindo linalozunguka, mji wa katikati, na jina. Mwanamke akiingia dukani haulizi bei kwanza, anauliza, "Hii jina lake nini?" Rangi inaweza kumpendeza na jina likamkataa, akairudisha.

Mfanyabiashara mmoja wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyeanza biashara yake mwaka 1887, anajulikana mno kwa kanga zake, nazo zilitambulikana kwa alama: herufi K.H.E. na maneno Mali ya Abdulla. Hilo ni tangazo la biashara, dada zangu. Kila mwanamke aliyevaa kanga hiyo alitembea na jina la muuzaji. Lakini angalieni muuzaji alijiweka wapi. Alijibana kwa herufi ndogo. Mahali pa heshima, palipoonekana vizuri mgongoni mwa mvaaji, paliachiwa jina la kanga, yaani maneno ambayo mwanamke ndiye aliyeyachagua kwa sababu yanasema lake.

Kutoka Mtumwa hadi Siti

Kwa nini maneno yale yalikuwa mazito hivyo? Kwa sababu kwa wengi waliojifunga kanga mwanzoni, kuchagua jina kulikuwa jambo jipya maishani.

Biashara ya utumwa ilikuwa imeujenga uchumi wa Zanzibar. Utumwa kama hali iliyotambuliwa na sheria ulifutwa Unguja na Pemba mwaka 1897. Kabla ya hapo, nguo ilikuwa inasema mtu ni nani hata asipofungua mdomo. Mtumwa na masikini walivaa merikani, ile bafta nyeupe ya kutoka Marekani, au kaniki nyeusi ya bluu iliyoiva. Walipopata uhuru, wanawake waliiacha kaniki wakakimbilia kanga za rangi. Halikuwa pambo tu. Mwanamke ambaye jana hakuwa na nguo wala neno lake, leo ana nguo ya rangi aliyoipenda, na baadaye ana sentensi nzima mgongoni mwake ambayo hakuna bwana aliyemwandikia.

Mfano mkubwa tunao. Karibu na mwaka 1880 alizaliwa Fumba, Unguja, mtoto wa kike akapewa jina la Mtumwa. Aliposhika mjini na sauti yake ikasikika, watu wakamwita Siti, yaani bibi mwenye heshima. Ndiye Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, akafariki mwaka 1950 jina lake likijulikana pwani nzima. Leo nani anakumbuka kwamba aliitwa Mtumwa? Jina la pili lililifunika la kwanza kwa sababu maisha yake yalilitia maana.

Dini yetu nayo inalijua jambo hili. Imepokewa katika Sahih Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alimkuta mwanamke anaitwa Aasiya, jina lenye maana ya muasi, akalibadili, akamwita Jamila. Yathrib nayo ikawa Madina. Jina baya halikuachwa likae juu ya mtu wala juu ya mji kwa kisingizio cha kwamba "ni jina tu".

Waifai nalo ni jina la duka

Tukifika kwenye mtandao wa hewani, kisa chake kinaanza kisiwani, si mjini London wala New York. Mwaka 1971 Chuo Kikuu cha Hawaii kiliwasha mtandao wa kuunganisha kompyuta kwa redio, kazi iliyoongozwa na Norman Abramson, kwa sababu chuo kilikuwa na matawi kwenye visiwa mbalimbali na bahari iko katikati. Wakauita ALOHAnet, kwa neno la salamu la wenyeji wa Hawaii. Watu wa visiwa walikuwa na shida ya visiwa, wakatafuta dawa, na jina wakalichukua kwenye salamu yao. Ni kama nasi tungeuita Hujambo.

Utaratibu wa kitaalamu wa waifai tunayoitumia leo ulitolewa mwaka 1997, ukaitwa IEEE 802.11. Sasa nani angeingia dukani aseme "nipe IEEE 802.11"? Mwaka 1999 makampuni yaliyokuwa yakitengeneza vifaa hivyo yaliungana, yakaiajiri kampuni ya kubuni majina iitwayo Interbrand, ikawaletea orodha, wakachagua Wi-Fi. Wengi wanadhani ni kifupi cha maneno fulani. Si kifupi cha kitu. Ni jina lililotungwa ili litamkike vizuri na kuuza. Kwa hiyo hata kabla hujawasha kisanduku chako, tayari unatumia jina la tangazo la biashara.

Utaratibu huohuo ndio uliogawa nafasi ya kuandika: jina la mtandao halizidi nafasi 32. Hapo ndipo mtu anayejua kanga anapotabasamu. Hesabu kidole kwa kidole, pamoja na nafasi tupu kati ya maneno. "Wema hauozi" ni 11. "Hasidi hana sababu" ni 18. "Mwenye wivu ajinyonge" ni 21. "Japo sipati tamaa sikati" ni 24. Zote zinaingia, na chenji inabaki. Waliotunga majina ya kanga walikuwa wameshajifunza kubana maneno mengi mahali padogo kabla redio ya kompyuta haijazaliwa. Ukitaka kurudi kwenye herufi za Kiarabu kama kanga za kale, inawezekana pia, ila kila herufi ya Kiarabu kwa kawaida inakula nafasi mbili, hivyo utapata kama herufi 16. Vile vikatuni vya moyo na maua vinakula kama nafasi nne kila kimoja.

Nani anavaa jina lako?

Fungua simu yako mahali popote penye nyumba nyingi, iwe Lushoto mjini, Mwanakwerekwe au Chake Chake, usome orodha. Utaona jina la mtengenezaji wa kisanduku na namba nyuma yake: TP-Link, HUAWEI, ZTE. Utaona majina ya simu: TECNO, Infinix, Samsung Galaxy. Hayo ni majina ambayo mwenye nyumba hakuyachagua.

Kumbukeni kanga ya Mombasa. Mali ya Abdulla ilikaa kwa herufi ndogo, na mji na jina vikawa vya mvaaji. Kisanduku kinachotangaza jina la kiwanda peke yake ni sawa na kanga ambayo mwanamke ameivaa, na maneno yote mgongoni yanasema tu aliyeiuza ni nani. Mteja ananunua kifaa, analipia bando kila mwezi, kisha anamfanyia muuzaji matangazo bure mara kumi kwa sekunde. Tena jina hilo linamwambia mtu mwenye nia mbaya ni aina gani ya kisanduku unacho, na hivyo aanzie wapi kukijaribu.

Lipo na lile la upande wa pili, ambalo ni la hatari zaidi kwetu wanawake. Kuna simu ambazo zikiwashwa hotispoti zinajitangaza kwa jina la mwenyewe, kwa sababu siku ya kwanza alipoisajili aliandika jina lake. Ukiwa ndani ya basi la kutoka Lushoto kwenda Tanga, au kwenye boti ya Pemba, abiria usiowajua wanasoma jina lako pamoja na neno iPhone. Kwenye kanga ungekubali kuandikiwa jina lako, mtaa wako na kwamba umetoka peke yako? Kanga husema mengi, lakini haimtaji mvaaji. Inatumia fumbo. Mwenye kulengwa anajijua, na mwenye kuvaa anabaki na stara yake.

Fumbo, kijembe na mpaka wake

Hapa tuseme ukweli. Kanga imetumika kwa mema na imetumika kwa shari. Mke mwenza amempita mke mwenza na jina mgongoni, mawifi wamejibizana kwa doti, jirani ameanika kanga ileile siku tatu mfululizo mpaka ujumbe ukafika. Uzuri wa fumbo ni kwamba lilikuwa likipunguza ugomvi wa mdomo: uchungu umetoka, na hakuna aliyetukanwa kwa jina. Ubaya wake ni kwamba likizidi, mtaa mzima unagawanyika.

Kanga hata hivyo ina huruma ambayo waifai haina. Kanga inafuliwa, inakunjwa, inaingia sandukuni. Mwenye hasira anaivua jioni. Jina la mtandao likishaandikwa halilali, na aliyeliandika kwa hasira ya usiku mmoja huweza kulisahau miezi mitatu, huku jirani analisoma kila siku pamoja na watoto wake wanaojifunza kusoma. Kwenye mteremko kama wa Gare, ambako aliye chini yako leo ndiye atakayekuja kukusaidia kesho mvua ikibomoa njia, au ndiye atakayebeba jeneza lenu, maneno ya namna hiyo ni ghali.

Surat al-Hujurat, katika aya ya 11, inawataja wanawake peke yao baada ya wanaume: wasidharauliane, huenda wanaodharauliwa ni bora kuliko wanaodharau, kisha inakataza kutiana aibu na kuitana kwa majina mabaya. Aya hiyo haikutaja mdomo tu. Jina lililoandikwa hewani kwa ajili ya kumchoma mtu ni jina vilevile.

Kwa bibi harusi anayeanza nyumba

Mwari anayetolewa hufunzwa na somo yake namna ya kuchagua kanga: ipi ya kuvaa mbele ya mama mkwe, ipi ya kumpokelea mume, ipi ya kwenda nayo msibani. Nyumba mpya siku hizi inaingia kisanduku cha intaneti pamoja na kabati na jiko la gesi, na jina lake mara nyingi huandikwa na fundi aliyekuja kukifunga, kwa haraka, akiwa tayari mlangoni. Hapo ndipo historia yote tuliyoisema inapokuja kufanya kazi. Msiache jina la nyumba yenu liandikwe na apitaye. Kaeni wawili, mjadiliane, mlichague. Ni katika majina ya kwanza kabisa mtakayoyatoa pamoja, kabla ya jina la mtoto.

Chagueni kama mnavyochagua kanga. Jina lisimtaje mke, wala namba ya nyumba, wala kwamba baba yupo safarini. Lisimlenge jirani. Liwe neno ambalo mama mkwe akija likizo na kuomba nenosiri, mtamsomea bila kuona haya. Methali fupi inatosha. Neno la salamu linatosha. Msambaa wa Gare anaweza kuandika neno la Kishambaa na mtu wa Makunduchi akaandika la Kimakunduchi. Ni njia nzuri ya kuiweka lugha ya bibi mbele ya macho ya watoto kila siku.

Kama unauza kitu nyumbani, jina hili ni ubao wa bure, na hilo nalo si geni: Mali ya Abdulla ilifanya hivyo kwenye nguo. Anayepaka hina, anayeoka keki za harusi, anayeshona mabuibui anaweza kuandika kazi yake na watu wa jirani wakajua. "Hina na Piko Hapa" ni nafasi 17 tu. Hapo tena, andika kazi, usiandike jina lako na namba yako ya simu. Wateja watauliza mlangoni, na mlango una mwenyewe wa kuufungua.

Wapo wanaosema bora kulificha jina kabisa lisionekane. Ni kama kuvaa kanga kwa ndani ukidhani umejificha. Mwenye ujuzi bado anaweza kuuona mtandao, na simu zilizounganishwa na mtandao uliofichwa huweza kuwa zinauita kwa jina kila ziendako, sokoni na kwenye gari, zikiutafuta. Stara ya kweli ya mtandao ipo kwenye nenosiri refu na ulinzi wa WPA2 au WPA3 utakaoukuta kwenye mipangilio ya kisanduku. Na kama hupendi kisanduku chako kitumiwe na Google katika kukadiria mahali simu zilipo, kampuni hiyo ilitangaza mwaka 2011 kwamba mtu aongeze _nomap mwishoni mwa jina. Zinakula nafasi sita katika zile 32, na kanga yako bado itakuwa na mahali pa kusemea.

Mama zetu waliotoka kwenye kaniki hawakupewa vitabu vya kuandika wala magazeti ya kutolea maoni. Walipewa kipande cha nguo chenye mstari mmoja, wakautumia mstari huo kusema wao ni nani, wanamshukuru nani, na wamemsamehe nani. Sisi tumepewa mstari mwingine, mfupi vilevile, unaosomwa na majirani walewale. Jioni hii fungua simu, tazama nyumba yako inasema nini. Kama inasema jina la kiwanda, ifundishe kusema lako. Kama inasema neno la kumuumiza mtu, livue.

Allah atujaalie nyumba zenye majina mema na watu wema ndani yake. Amin.